Hadithi Niliyompa Nyanya

Watu huniuliza kwa nini siandiki tena hadithi za watoto, nami huwajibu kwamba kazi ya ualimu imenibana. Ni jibu la adabu tu. Ukweli ni kwamba mtu mkubwa alinichukulia hadithi yangu mchana kweupe, na aliyemsaidia kuibeba ni mama yangu mzazi. Kwa muda mrefu sikuliandika jambo hili kwa sababu mama yu hai, nampenda, na bado nina hasira naye. Lakini nimechoka kumeza.

Nafundisha watoto wadogo katika shule ya kibinafsi huku Umoja, shule iliyobanwa kati ya ghorofa mbili hivi kwamba jua hutufikia adhuhuri tu, likiwa njiani kwenda kwingine. Vitabu tulivyokuwa navyo vilijaa simba, sungura na wana wa wafalme. Watoto wangu hawajawahi kumwona simba isipokuwa kwenye blanketi. Nilitaka kuwasomea habari ya kitu wanachokijua, na kama kuna kitu kila mtoto wa Umoja anakijua ni laini ya maji.

Kwetu maji huja yanapotaka. Siku yanapotarajiwa, kila mtu hupeleka mtungi wake wa plastiki mferejini asubuhi na mapema, anauweka nyuma ya mtungi wa mwenzake, kisha anakwenda zake. Mtungi ndio unaopanga laini, si mtu. Utaikuta mitungi imejipanga mpaka kwa kinyozi, na mwenyewe hayupo. Yuko kazini, yuko sokoni, au amerudi kulala. Ole wake atakayeusogeza mtungi wa mwenzake. Watu wanaoishi mlango kwa mlango hawajuani majina, lakini mitungi yao wanaijua vizuri: huu wa kifuniko chekundu, ule wa mkono uliofungwa kamba.

Basi nikatunga hadithi ya mtungi mdogo wa manjano uliopoteza kifuniko ukazibwa kwa gunzi la mahindi. Kila siku mapipa makubwa yanausukuma nyuma, na kila siku unajitetea kwa maneno yale yale: "Nyuma ya huyu, mbele ya yule, mimi hapa." Hatimaye mitungi midogo yote inakubaliana kulala chini maji yanapokuja, inajiviringisha, inachanganyika. Wenyewe wanaporudi hawajui nani wa kwanza na nani wa mwisho. Inawabidi wazungumze. Wanagombana kwanza, kisha wanaulizana majina, na mwishowe wanateka maji kwa kusaidiana. Hiyo ndiyo hadithi yote. Si kubwa, lakini watoto wangu waliipenda mpaka wakawa wanapanga laini ya choo wakiimba, "Nyuma ya huyu, mbele ya yule."

Niliichapisha mwenyewe kwa mchapaji mmoja mjini, kijitabu chembamba kilichobanwa kwa pini. Picha alinichorea fundi anayechora kuta za vinyozi, ndiyo maana mapipa yangu yalikuwa na misuli na nywele zilizonyolewa vizuri. Nilikiuza kwa wazazi langoni na kanisani baada ya ibada. Sikuwa na ndoto ya utajiri. Nilitaka kitu kimoja tu, nacho nilikuwa nacho: mtoto akiulizwa nani ameandika hadithi ya mtungi, aseme ni mwalimu wetu.

Sasa hapa lazima nieleze jinsi tulivyolelewa, maana bila hilo mtu ataniona mjinga, na ujinga sikuwa nao.

Nilikulia Makongeni, katika nyumba ya reli, baba akiwa mfanyakazi wa karakana. Mama alitoka magharibi ya nchi akiwa bibi harusi na alikuja na desturi zake zote. Moja ilikuwa hii: katika nyumba yetu huwezi kusimulia kitu bila kutaja aliyekupa. Unaanza, "Hii nilipewa na fulani," ndipo watu wanakusikiliza. Mtoto akianza tu hivi hivi, "Palikuwa na fisi," mama atauliza, "Amesema nani?" Ukisema umetunga mwenyewe, unapigwa kofi la mgongo. "Basi huo ni uongo," mama angesema. "Hadithi ina mwenyewe." Kwa hiyo tulijifunza mapema. Tukitunga vituko vyetu, tulivitafutia mtu mzima wa kuvibeba, na mara nyingi mtu huyo alikuwa nyanya, mama yake mama, kwa sababu alikuwa mbali kijijini na hangeweza kukana. Mama naye alijua. Hakuna mtu anayeweza kuwa na hadithi nyingi kiasi kile. Lakini ukishamtaja nyanya, umetimiza heshima, na heshima ikitimia hakuna anayeuliza zaidi.

Nyanya alifariki muda mfupi kabla sijakichapisha kijitabu changu. Alikuwa mwanamke wa chemchemi na jembe. Hakuwahi kufika Nairobi, hakuwahi kuona mfereji wenye laini, na maji yake aliyateka chini ya mgomba bila kumwomba mtu nafasi. Hakuacha picha hata moja. Tena hakuacha jina, kwa maana kwetu jina la mzee hupewa mjukuu, na msichana kwa mama nilikuwa mimi peke yangu, nami nikapewa jina la upande wa baba. Wajomba walizaa wavulana tupu. Nilipokuwa nikiandaa ukurasa wa kwanza nikamwona mama akitoka matangani, amekonda, hasemi, na nikaandika: "Hadithi hii nilisimuliwa na nyanya yangu," kisha jina lake kamili, la kwake na la baba yake. Niliandika kama tulivyofundishwa. Pia niliandika ili mama afurahi, na alifurahi kweli. Alikitia kijitabu ndani ya mfuko wa Biblia, ule wa zipu, na kila Jumapili kilikwenda naye kanisani kikarudi naye.

Yule mkubwa nilikutana naye katika warsha ya walimu wanaoandika. Vitabu vyake viko katika kila shule ninayoijua. Ni mtu mpole, sauti yake ya chini, anakusikiliza ameinamisha kichwa, na ukimaliza kusema unajiona una akili kuliko ulivyoingia. Aliniomba nisome. Nilisoma hadithi nzima, na walimu wenzangu wakaitikia ule wimbo wa mtungi kama watoto. Alipiga makofi kabla ya wote.

"Mwalimu, hii umeitoa wapi?" akauliza.

Na mimi, mtoto wa mama yangu, mbele ya watu wote, nikajibu, "Nilisimuliwa na nyanya yangu, mzee."

Akatikisa kichwa polepole. "Hazina," akasema. "Hawa wazee walikuwa hazina." Kisha akaniomba kijitabu, akataka nikitie sahihi. Nilikitia sahihi kwa furaha. Nilirudi Umoja kichwa kimevimba, nikamwambia kila aliyetaka kunisikiliza na wengine ambao hawakutaka.

Kitabu chake kilitoka baada ya muda, na aliyekiona kwanza ni mwalimu mwenzangu wa darasa la jirani, mama mmoja kutoka Murang'a mwenye ulimi usio na breki. Aliingia darasani kwangu watoto wakiwa mapumziko, akakiweka mezani.

"Ebu soma hii," akasema. "Ama macho yangu ndio mbaya?"

Kilikuwa kitabu kizuri, gamba gumu, picha za rangi. Mitungi ilikuwa imegeuka vibuyu. Mfereji ulikuwa kisima. Mapipa yalikuwa mitungi mikubwa ya udongo, na palikuwa na babu mwenye fimbo ambaye mimi sikumwalika. Lakini kibuyu kidogo kilizibwa kwa gunzi la mahindi. Vibuyu vidogo vililala chini vikajiviringisha. Na kibuyu kile, kila kiliposukumwa, kilisema, "Nyuma ya huyu, mbele ya yule, mimi hapa."

Nilisoma nimesimama. Kilichoniuma kwanza si hata wizi, ni uvivu. Kisimani kwake watu wanapanga vibuyu foleni, kisha wanaviacha wanakwenda kazini. Kazi gani? Kijiji gani hicho ambacho mtu anaacha kibuyu kisimani akaenda ofisini? Alihamisha nyumba yangu nzima akasahau kubadilisha mlango.

"Huyu mzee amekuibia," mwenzangu akasema. "Na hajaficha hata. Sasa wewe utanyamaza?"

Sikunyamaza. Niliwaandikia wachapishaji wake, nikapiga simu, nikaambiwa ningoje, nikangoja. Wakati nangoja, kitabu kilifika mitaani. Shule yetu ikakinunua. Na ndipo likaja jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo. Siku moja nimesimama langoni na vijitabu vyangu, mama mmoja anayeuza mboga karibu na shule, mama ninayemheshimu, akakishika kimoja, akakifungua, akacheka.

"Tichee, sasa mbona unakopi vitabu za wenyewe?" akasema. "Hii si ni ile ya vibuyu? Wewe umeweka tu mtungi."

Hakuwa na nia mbaya. Alinunua hata, kwa kunihurumia. Lakini siku hiyo nililia chooni kama mtoto wa darasa la kwanza. Wiki ile ile mwenye shule akaniita, akaniambia kwa upole kwamba nisiuze tena kijitabu changu langoni, watu wasije wakasema shule yake inafundishwa na mwizi. Alitumia neno hilo, mwizi, halafu akaongeza, "Mimi najua wewe si mwizi, lakini watu." Nikavirudisha vijitabu nyumbani, nikavisukuma chini ya kitanda.

Mwishowe wachapishaji wakaniita mjini. Nilivaa suti yangu ya mikutano ya wazazi. Tulikuwa wanne katika chumba chenye meza ndefu: mhariri wao, aliyekuwa mwanamke na akinikwepa kwa macho; wakili wao, kijana nadhifu; mwandishi mwenyewe; na mimi. Tulipewa chai na biskuti. Mwandishi akaniuliza habari za watoto, habari za nyumbani, habari za maji Umoja. Ndiyo, aliniuliza habari za maji.

Kisha akasema, "Mwalimu, dada yangu, mimi sina ugomvi na wewe. Ngano ni mali ya wote. Wewe uliipokea kwa nyanya, mimi nikaipokea kwako, kesho mwingine ataipokea kwangu. Hivyo ndivyo hadithi zinavyoishi."

"Sikuipokea," nikasema. "Niliitunga."

Wakili akafungua kijitabu changu, kile kile nilichokitia sahihi, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Akasoma hata jina la nyanya, akalikosea, nami nikalisahihisha kwa mazoea ya ualimu.

"Haya maneno ni yako?" akauliza.

"Ni yangu."

"Basi ulisema uongo hapa, ama unasema uongo sasa? Samahani, mwalimu, lazima niulize."

Nilijaribu kueleza. Nikasema kwetu mtu hajitangulizi. Nikasema lile ni neno la heshima, kama vile mtu anapokukaribisha nyumbani kwake na kusema hana kitu huku sufuria imejaa. Nikasema nyanya hakuwahi kuona mfereji. Kijana akaandika, mhariri akatazama dirisha. Mwandishi akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonichoma zaidi. Hata kama aliamini kweli kwamba ni ngano, angalau angeuliza. Angenipigia simu. Na kama ni ngano, huo wimbo wa kibuyu aliupata kwa nani? Hilo nililisema. Akajibu kwamba ngano husafiri na nyimbo zake.

Mhariri ndiye aliyetoa shauri. Kama katika familia yetu kuna mtu mzima aliyemjua nyanya vizuri, akaja akasema kwamba marehemu hakuwahi kusimulia kitu kama hiki, basi wao wako tayari kukubali kwamba hadithi ni yangu, na jina langu litaingia kwenye gamba pamoja na la mwandishi. Mwandishi akasema hana pingamizi. Nilitoka pale nikishuka ngazi mbio. Mtu mzima nilikuwa naye, Makongeni, na hajawahi kusema uongo katika maisha yake. Mama ni kiongozi wa akina mama kanisani. Akipewa chenji iliyozidi dukani, anarudi hata kwenye mvua kuirudisha.

"Hiyo imeisha," mwenzangu wa Murang'a akasema nilipompa habari. "Kwani shosho yako alikuwa anapanga mtungi Umoja? Mama yako aseme hivyo tu, muende nyumbani."

Nilikwenda Makongeni nikamweleza mama kila kitu, taratibu. Alinisikiliza akichambua mboga.

"Wanataka kujua kama nyanya alisimulia hadithi hii," nikasema. "Utawaambia ukweli tu, mama."

"Nitawaambia," akasema.

Siku ya siku alivaa kitambaa cheupe cha kichwani, kile cha ushirika wa akina mama kanisani, na viatu vya ngozi ambavyo hafanyi mchezo navyo. Tulifika mapema. Mwandishi alipomwona aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamwita mama, akamvutia kiti. Mama akakaa wima, mfuko wa Biblia magotini. Kijana wakili akamsomea hadithi yangu yote, kisha akamuuliza kama aliwahi kuisikia kwa mama yake.

Mama alimtazama kijana. Hakuniangalia.

"Mama yangu alikuwa msimuliaji," akasema. "Hii pia alinisimulia."

Nilidhani hakuelewa swali. Nikamwambia, "Mama, anauliza habari ya mtungi. Mtungi wa laini."

"Nimesikia," akasema. "Alinisimulia nikiwa msichana."

Kijana akaandika. Mwandishi akaweka mkono kifuani, akamwambia mama kwamba katika toleo lijalo watamtaja marehemu, kwa heshima zote. Mama akamshukuru. Mimi nilikaa pale nikitazama biskuti, na sikumbuki tuliagana vipi na watu wale.

Tulitembea hadi kituo cha mabasi. Penye wang'arisha viatu nikasimama.

"Mama, umesema uongo," nikamwambia. "Wewe."

"Ndiyo," akasema.

"Umewapa hadithi yangu."

"Ningekwambia mapema ungenikataza." Akahamisha mfuko wa Biblia mkono hadi mkono. "Mwanangu, wewe una mikono. Utaandika kingine, na kingine tena. Mama yangu alizaa, akalima, akafa. Hana picha. Hana mtoto anayeitwa jina lake. Jina lake limeandikwa mahali pamoja tu duniani, na ni pale ulipoliweka wewe. Sasa niende mbele ya watu niseme litolewe?"

"Hakuna aliyesema litolewe."

"Nikisema hakusimulia, limetoka. Wale wangeliweka wapi?"

"Na jina langu je, mama?"

"Lako utalipata mbele," akasema, kana kwamba tunazungumzia kiti cha basi.

Nilimpandisha gari la Makongeni, mimi nikabaki. Sikwenda kumwona kwa Jumapili nyingi. Watu wakubwa wanasema mama hakosei mtoto, na mimi nasema waliolitunga neno hilo walikuwa akina mama. Alinikosea. Alinipima na marehemu kwenye mizani moja, akaniona mimi mwepesi kwa sababu bado napumua. Wakati huo huo, katika kona fulani ya moyo, nilijua kwamba mtu wa kwanza kumwandika nyanya pale nilikuwa mimi, na mama alishikilia tu kile nilichompa. Kujua hivyo hakukunipunguzia hasira. Kulinipokonya mahali pa kuituma.

Niliporudi kumtembelea hatukulizungumzia. Alinipikia, nikala. Lakini alipokuwa akinisindikiza aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, "Kile kitabu kipya kimetoka?" Nikasema bado. Akawa anauliza kila nikienda. Akina mama wa kanisani nao walikuwa wamekwisha kuambiwa, mmoja alinisimamisha kwenye ngazi za kanisa akasema, "Tumesikia nyanya yenu anaingia kwa kitabu. Mungu ni mwema." Nikasema amina. Ningesema nini?

Toleo jipya nililiona kwenye dirisha la duka la vitabu mjini. Sikulifungua pale dukani. Nilikuwa nimeamua kwamba, liwe liwalo, nitalifungua mbele ya mama, maana ni yeye aliyelilipia kwa bei kubwa kuliko mtu yeyote, na bei hiyo ilikuwa mimi. Nikaenda nalo Makongeni siku hiyo hiyo alasiri.

Mama alipangusa meza, akaondoa kitambaa cha kufuma, akaniwekea kitabu mbele yangu. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo. "Soma mahali pa mama," akasema.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na jina la mwandishi, jina la wachapishaji, jina la mchoraji, jina la mhariri yule aliyenikwepa, hata jina la mtu aliyepanga herufi. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja. Nikausoma: "Hadithi hii imetokana na ngano ya kale ya watu wa magharibi."

Mama alingoja. "Endelea," akasema.

"Ndiyo mwisho, mama."

"Geuza ukurasa."

Nikageuza. Kibuyu kidogo kilikuwa kimekwisha kuanza safari yake ya kisimani. Nikarudi nyuma, nikatazama gamba la ndani, nikatazama mgongo wa kitabu penye picha ya mwandishi akicheka na watoto. Mama alikuwa akifuata mkono wangu kwa macho, kila ukurasa.

"Hao watu wa magharibi ni akina nani?" akauliza.

"Ni nyanya," nikasema. "Na wewe. Na mimi. Tumetiwa humo wote."

Akaivuta ile karatasi karibu na uso, akapitisha kidole kwenye mstari ule, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Sikumsaidia. Sitadanganya nikasema nilimhurumia saa ile. Nilikuwa nimengoja muda mrefu aone, na sasa alikuwa anaona, na sikupata utamu wowote niliodhani ningeupata.

Akakifunga kitabu. Halafu akafungua zipu ya mfuko wa Biblia, akatoa kijitabu changu cha pini, kilichokwisha kulegea, akakiweka juu ya kile cha gamba gumu.

"Basi mwandikie tena," akasema. "Tunga nyingine. Weka jina lake pale pale mbele, hapo ulipoliweka. Safari hii nitawaambia chochote unachotaka."

"Sitaandika, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sitaweka tena jina la mtu mbele ya hadithi yangu. Ya nyanya ilikuwa ya mwisho."

Alinitazama usoni. Sijui kama alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla ya siku ile, au lilimjia tu pale mezani, lakini uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mama anaogopa.

"Hata langu?" akauliza. "Nikienda alikokwenda mama?"

"Hata lako," nikamwambia.